Mama Navi Pillay: avoka wa Durban aliyefanya korti zisikilize wanawake

Kila mwaka, mwezi wa tatu ukikaribia, kwenye soko za Bukavu, Uvira na Bunia vikwembe vya tarehe 8 vinaanza kuuzwa, na kwenye redio majina ya wanawake waliotangulia yanaanza kutajwa. Sophie Kanza anatajwa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika inchi yetu, mwaka 1966. Kuna jina lingine ambalo halisikiki sana kwetu, labda kwa sababu mwenyewe si Mkongomani na hakuzaliwa karibu na maziwa yetu. Lakini ikiwa leo mama wa Fizi ao wa Kabare anaweza kusimama mbele ya majaji na kueleza namna alivyobakwa, na majaji wakaandika katika hukumu kwamba ule ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, basi Navanethem Pillay, ambaye watu wengi wanamwita Navi Pillay, ana mkono wake katika jambo hilo. Na katika ripoti kubwa kuliko zote iliyoandikwa juu ya vita zetu, sahihi yake ndiyo iko mwanzoni.

Alizaliwa tarehe 23 mwezi wa 9 mwaka 1941 katika muji wa Durban, Afrika ya Kusini, akakulia Clairwood, mtaa wa watu maskini. Familia yake ni ya Wahindi wa kabila la Tamil. Baba yake alikuwa shofere wa basi. Alipokuwa na miaka sita, mtoto Navi aliibiwa feza ya mshahara wa baba yake. Mwizi alikamatwa, mtoto akaitwa kortini kutoa ushuhuda, mwizi akahukumiwa. Lakini feza haikurudi. Mama Pillay amesimulia habari hiyo mara nyingi katika maisha yake, na mtu yeyote aliyewahi kushinda kesi huku kwetu anaielewa bila kufafanuliwa: karatasi ya hukumu unayo mkononi, lakini kile ulichonyang'anywa hakijarudi nyumbani.

Watu wa Clairwood waliona kwamba mtoto huyu ana akili. Walichanga feza, kila mmoja kwa uwezo wake, ili aende chuo kikuu cha Natal. Alipata digri ya sheria mwaka 1965. Kisha akatafuta kazi na hakuna kabine ya avoka iliyokubali kumuajiri. Sababu ilisemwa waziwazi: wafanyakazi wazungu hawawezi kupokea amri kutoka kwa mtu asiye mzungu, tena mwanamke. Mwaka 1967 akafungua kabine yake mwenyewe, akawa mwanamke wa kwanza asiye mzungu kufanya hivyo katika Natal. Mtu ajikumbushe ulikuwa wakati gani. Nelson Mandela alikuwa gerezani, na avoka asiye mzungu hakuruhusiwa hata kuingia katika chumba cha jaji, mahali ambapo avoka wengine waliongea na jaji juu ya kesi.

Alifanya kazi hiyo miaka 28. Wateja wake wengi walikuwa wapinzani wa ubaguzi wa rangi, ambao polisi ilikuwa inawafunga bila kesi na kuwatesa. Mwaka 1971 zamu ilifika kwake: bwana yake, Gaby Pillay, naye avoka, alikamatwa kwa sheria ya ugaidi. Mama Pillay alikwenda kortini, akapata amri ya kuwakataza polisi wasimhoji kwa njia za mateso. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, alishinda kesi nyingine iliyowapa wafungwa wa siasa wa kisiwa cha Robben, Mandela akiwa kati yao, haki ya kuonana na avoka. Serikali ilimnyima pasipoti kwa miaka mingi. Alipoipata, alikwenda kusoma Harvard, Marekani, akamaliza masomo ya kwanza mwaka 1982, na mwaka 1988 akawa raia wa kwanza wa Afrika ya Kusini kupata udaktari wa sheria katika chuo kile.

Wakati ule ule kulikuwa wanawake wanaokuja kabineni kwake na majeraha ambayo hayakutoka kwa polisi. Walipigwa na waume zao. Pamoja na wengine alianzisha Durban ofisi ya kuwashauri wanawake waliotendewa ukatili, na mwaka 1992 akawa kati ya waanzilishi wa Equality Now, shirika la kimataifa la haki za wanawake. Kuna wapigania uhuru wengi katika Afrika waliosema kwamba mambo ya wanawake yangoje kwanza, inchi ipate uhuru. Yeye alifanya yote mawili kwa wakati mmoja, na kwa maoni yetu hapo ndipo tofauti yake inaanza.

Mwaka 1995, baada ya ubaguzi kuanguka, aliteuliwa kuwa jaji wa muda katika Korti Kuu ya Afrika ya Kusini, mwanamke wa kwanza asiye mzungu kukaa kwenye kiti hicho. Mwenyewe amesema kwamba mara ya kwanza kuingia katika chumba cha jaji ilikuwa siku alipoingia katika chumba chake. Hakukaa sana. Mwaka ule ule ONU ilimchagua kuwa jaji wa tribinali iliyowekwa Arusha, Tanzania, kwa ajili ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kwa miaka ya kwanza alikuwa mwanamke peke yake kati ya majaji wa tribinali ile.

Wasomaji wetu wa umri mkubwa hawana haja ya kuelezwa mwaka 1994. Waliona kwa macho watu wakivuka mpaka kuingia Goma na Bukavu, wahanga na wauaji wakiwa pamoja njiani, na vita iliyofuata bado haijatuachia. Kesi iliyofika mbele ya Mama Pillay ilikuwa ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa burgumestre wa komine ya Taba, na ambaye alikamatwa Zambia mwaka 1995. Chumba cha majaji kilikuwa na watu watatu: Laïty Kama wa Senegal aliyeongoza, Lennart Aspegren wa Swideni, na yeye. Kesi ilianza mwezi wa kwanza mwaka 1997. Katika mashtaka ya Akayesu kulikuwa mauaji ya kimbari, mauaji ya kawaida, mateso. Neno ubakaji halikuwemo hata mara moja.

Wapelelezi walisema wanawake wa Rwanda hawataki kuongea juu ya mambo hayo. Sababu kama hiyo tumeisikia na hapa kwetu. Kisha shahidi mmoja, mama ambaye korti ilimpa herufi J ili kulinda jina lake, akawa anaeleza mambo mengine kabisa, namna familia yake ilivyoshambuliwa. Katikati ya maelezo alisema kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na Interahamwe watatu. Ingekuwa rahisi kumwacha apite na kurudi kwenye swali la mwendesha mashtaka, kwa kuwa kosa hilo halikuwa katika karatasi ya mashtaka. Majaji hawakumwacha. Walimuuliza, na Mama Pillay alikuwa mbele katika kuuliza. Baadaye akaja shahidi mwingine, H, akasema yeye mwenyewe alibakwa, na kwamba wanawake wengine walibakwa karibu na ofisi ya komine, pale pale burgumestre alipokuwa anafanya kazi.

Mashirika ya wanawake yaliandikia tribinali yakidai mashtaka yabadilishwe. Kesi ilisimamishwa kwa muda, wapelelezi wakarudi Taba, na mwezi wa 6 mwaka 1997 ubakaji uliongezwa katika mashtaka. Ilionekana kwamba wanawake walikuwa tayari kuongea. Hakuna aliyekuwa amewauliza vizuri.

Hukumu ilitolewa tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 1998. Ilikuwa mara ya kwanza korti ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi, na mara ya kwanza kuamua kwamba ubakaji unaweza kuwa njia moja ya kutenda mauaji ya kimbari, kama unafanywa kwa nia ya kuangamiza kundi la watu. Akayesu mwenyewe hakuthibitishwa kuwa alibaka. Alihukumiwa kwa sababu alikuwa mkubwa wa pale, alijua, na kwa maneno yake aliwatia moyo waliobaka. Alipewa kifungo cha maisha.

Kuna jambo la kisheria katika hukumu hiyo ambalo linastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndilo lililofika mpaka kwetu. Kabla ya Arusha, hakukuwa maelezo ya kimataifa yanayosema ubakaji ni nini. Katika inchi nyingi, korti zilihesabu viungo vya mwili na kumuuliza mwanamke kama alipiga kelele, kama alipigana, kama kuna alama kwenye ngozi. Majaji wa Arusha walikataa njia hiyo. Walisema ni shambulio la kimwili lenye tabia ya ngono, linalofanywa katika hali ya kulazimishwa, na kwamba kulazimishwa si lazima kuwe kwa kupigwa. Mahali ambapo wanamgambo wenye silaha wamezunguka watu, hali yenyewe ni ya kulazimisha. Mwanamke haulizwi tena kwa nini hakukimbia. Mtu aliyekuwa Walikale ao Shabunda usiku ambapo kundi la silaha liliingia kijijini anajua maana ya maneno hayo zaidi ya profesa wa sheria.

Mama Pillay aliongoza tribinali ya Arusha kutoka mwaka 1999 mpaka 2003. Mwaka huo wa 2003 aliongoza pia majaji waliohukumu wenye redio RTLM na gazeti la Kangura kwa kuchochea mauaji. Sisi waandishi wa habari tungepaswa kuisoma hukumu ile zaidi kuliko tunavyoisoma.

Toka Arusha alikwenda La Haye, kwenye Korti ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, CPI, kama jaji wa rufaa kutoka mwaka 2003 mpaka 2008. Hapo ndipo kazi yake iligusana na Ituri. Mwezi wa pili mwaka 2006, majaji wa chini wa CPI walikataa kutoa hati ya kumkamata Bosco Ntaganda, wakisema hakuwa na cheo kikubwa cha kutosha katika kundi la UPC. Mwendesha mashtaka alikata rufaa. Tarehe 13 mwezi wa 7 mwaka ule, majaji watano wa rufaa, Mama Pillay akiwa kati yao, walivunja uamuzi huo. Walisema sheria haisemi kwamba CPI inafuata wakubwa wa juu kabisa peke yao. Hati ilitolewa mwezi uliofuata. Ilichukua miaka mingi: Ntaganda alijisalimisha kwenye ubalozi wa Marekani huko Kigali mwezi wa tatu mwaka 2013, na mwaka 2019 alihukumiwa miaka 30. Kati ya makosa 18 yaliyothibitishwa kulikuwa ubakaji na utumwa wa ngono, hata dhidi ya wasichana waliokuwa wamelazimishwa kuwa askari katika kundi lake mwenyewe.

Mwezi wa 9 mwaka 2008 alianza kazi ya kuwa Kamishna Mkuu wa ONU wa Haki za Binadamu, Genève, na aliifanya miaka sita. Katika miaka hiyo jina la Congo lilikuwa mezani kwake kila wakati. Mwishoni mwa mwezi wa 7 na mwanzoni mwa mwezi wa 8 mwaka 2010, watu zaidi ya 300 walibakwa ndani ya siku nne katika vijiji 13 vya Walikale, upande wa Luvungi. Katika wiki zilizofuata, Mama Pillay alituma Congo kundi la watu watatu: makamu wake Kyung-wha Kang, Elisabeth Rehn wa Finlandi, na daktari wetu Denis Mukwege. Kazi yao haikuwa kuhesabu tena wahanga. Walikwenda kuwauliza wanawake wenyewe wanataka nini kama malipo ya waliyotendewa. Walifika Bunia, Bukavu, Shabunda, mpaka Songo Mboyo katika Équateur. Wanawake waliomba matibabu, nyumba, shule ya watoto. Na wale waliokuwa wameshinda kesi walisema kwamba korti iliamua walipwe, lakini hawajapokea hata franga moja. Tunarudi kwa yule mtoto wa Clairwood na mshahara wa baba yake.

Siku ile kundi hilo lilipokuwa bado njiani, tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 2010, Genève ilitoa ripoti ambayo Wakongomani wote wanaiita ripoti Mapping. Ina kurasa zaidi ya 500. Inataja matukio 617 ya ukatili mkubwa kutoka mwezi wa tatu mwaka 1993 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2003, na ina sehemu nzima juu ya ukatili wa ngono dhidi ya wanawake. Inataja majeshi ya inchi jirani, jeshi letu wenyewe na makundi ya silaha. Kabla ya kutoka, nakala yake ilivuja katika gazeti Le Monde, na Rwanda ikakasirika mpaka ikatishia kuondoa askari wake wa kulinda amani huko Sudan, hasa juu ya sehemu inayosema kwamba mashambulizi fulani juu ya wakimbizi Wahutu yangeweza, yakithibitishwa mbele ya korti, kuitwa mauaji ya kimbari. Mwanamke aliyepata jina lake kwa kuhukumu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi sasa alishutumiwa na Kigali. Alichelewesha kwa mwezi mmoja ili serikali zitoe maoni yao, akayachapisha maoni hayo, na ripoti ikatoka na dibaji yenye sahihi yake. Ofisi nyingi za ONU zingeiacha ilale.

Hakunyamaza baada ya hapo. Mwezi wa 6 mwaka 2012, M23 ilipoanza vita kwa mara ya kwanza, aliwataja viongozi wake watano kwa majina, Ntaganda akiwemo, akasema ni kati ya wavunjaji wabaya zaidi wa haki za binadamu katika Congo na katika dunia.

Je, mama wa kijijini amepata nini katika yote haya? Tusiseme hakuna. Sheria mbili za tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 zilipanua maana ya ubakaji katika Congo, zikatambua kwamba mwanaume pia anaweza kuwa mhanga, na zikazuia kesi ya ubakaji kuzimwa kwa kulipa faini. Mwezi wa pili mwaka 2011, korti ya kijeshi iliyosafiri mpaka Baraka ilimhukumu luteni-kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, baada ya wanawake wa Fizi kutoa ushuhuda dhidi ya mkubwa wa askari aliyekuwa akiwatisha. Mwezi wa 12 mwaka 2017 ilikuwa zamu ya kesi ya Kavumu, ambapo mbunge wa mkoa, Frederic Batumike, alipewa kifungo cha maisha pamoja na wanamgambo wake kwa ubakaji wa watoto wadogo. Mwaka 2020, Ntabo Ntaberi Sheka, ambaye kundi lake lilikuwa Luvungi mwaka 2010, alipewa kifungo cha maisha huko Goma. Katika kesi hizi zote, mkubwa aliulizwa juu ya yale watu wake waliyoyatenda. Swali hilo lilipita Arusha kwanza.

Upande wa malipo ndipo pabaya. Tangu tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2022 Congo ina sheria ya kulinda na kulipa fidia wahanga wa ukatili wa ngono unaohusiana na vita na wa makosa mengine dhidi ya amani na usalama wa binadamu, na mfuko wa fedha uliwekwa kwa kazi hiyo. Lakini mwanzo wa mwaka 2025 Goma na Bukavu zilishikwa na M23, na korti za serikali katika miji hiyo zilifunga milango. Wanawake waliokuwa wanangoja tarehe ya kesi walibaki na karatasi zao.

Mama Pillay ana zaidi ya miaka 80 na hajapumzika sana. Kutoka mwaka 2021 aliongoza tume ya ONU ya uchunguzi juu ya maeneo ya Palestina yaliyokaliwa na Israeli, kazi iliyomletea maneno makali, na mwaka 2025 alipewa Tuzo ya Amani ya Sydney. Kwetu hakuna barabara yenye jina lake. Mukwege alipopokea Nobel mjini Oslo, tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka 2018, alitumia sehemu ya hotuba yake kukumbusha dunia kwamba ripoti Mapping inaoza katika droo ya ofisi. Ripoti ilikuwa imeomba korti ya mchanganyiko, yenye majaji Wakongomani na wa kigeni, ili kesi za miaka ile 10 zisikilizwe. Korti hiyo haijaundwa. Majina ya wanaoshukiwa hayakuchapishwa katika ripoti. Orodha yake imehifadhiwa kwa siri Genève, katika ofisi ile aliyoiongoza.